Je, Wajua? Redio ya Likasi Imeingia Ndani ya Simu

Je, wajua kwamba gazeti la Kinshasa siku hizi huweza kufika Likasi kabla halijamfikia muuzaji wa barabarani kulekule Kinshasa? Le Potentiel lililoanza mwaka 1982 na Le Phare lililofuata mwaka 1983 yote yalizaliwa katika mji mkuu, takriban kilomita 1,500 kutoka hapa kwa njia ya anga. Zamani nakala ilipanda ndege hadi Lubumbashi, ikangoja gari la kuja huku, na aliyeisoma alisoma mambo yaliyokwisha kupoa. Sasa kurasa zote huzunguka WhatsApp zikiwa faili moja la PDF. Msomaji anafurahi. Mwenye gazeti hapati hata franka moja, maana faili moja husomwa na kundi zima.

Kusoma bure, hata hivyo, hakukuanza na simu. Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990 kufungua mlango wa vyama vingi, magazeti yaliota kila kona, na mifuko ya watu ilikuwa mitupu. Ndipo walipozuka wabunge wa kusimama: wanaume waliokusanyika mbele ya meza ya muuzaji, wakasoma vichwa vya habari bila kununua, kisha wakajadili serikali hadi jua lilipozama. Makundi ya WhatsApp yamewapa viti tu.

Je, wajua kwamba Katanga ilikuwa na gazeti la wasomaji Waafrika tangu mwaka 1934? Liliitwa Ngonga, likatoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, kwa Kifaransa na Kiswahili, chini ya Mbelgiji Auguste Verbeken. Mwaka 1935 lilikuwa limekwisha zimika.

Mwaka 1957 kampuni ya Union Minière ilianzisha Mwana Shaba, gazeti la wafanyakazi wake. Likasi, iliyoitwa Jadotville wakati huo, ilikuwa mji wa kampuni hiyo kuanzia viwanda vya Shituru na Panda hadi nyumba walizolala watu. Mwajiri aliyekupa mshahara, shule na hospitali ndiye aliyekupa na habari. Usiulize ni habari gani hazikuandikwa humo. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967 na baadaye kuitwa Gécamines, gazeti liliendelea, na wazee wengi wa kambi bado wanalikumbuka.

Je, wajua kwamba redio yenye wasikilizaji wengi zaidi katika historia ya nchi hii haikuwahi kuwa na mnara? Ni redio trotwari. Mwanahistoria Mwingereza Stephen Ellis aliandika makala nzima kuihusu mwaka 1989 katika jarida la African Affairs, akaonyesha kwamba pale ambapo redio ya serikali inasifu tu, habari za sokoni na za kilabuni ndizo watu wanazoziamini. Anayelalamika leo kwamba simu imeleta uvumi Likasi ni mgeni mjini.

Na uvumi wa kuvaa suti je? Patrice Lumumba aliuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Siku 27 baadaye, tarehe 13 Februari, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliita waandishi wa habari akawaeleza kwamba Lumumba alitoroka na kuuawa na wanakijiji. Uongo mtupu, uliosemwa mbele ya kalamu na maikrofoni. Jino la Lumumba, mabaki pekee yaliyosalia, lilikabidhiwa familia mjini Brussels tarehe 20 Juni 2022, na safari hiyo wenye simu waliitazama hafla papo hapo.

Likasi yenyewe ilipata zamu yake mwezi Septemba 1961. Wanajeshi Waairishi zaidi ya 150 wa Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa hapa Jadotville kuanzia tarehe 13 hadi 17 wakashambuliwa na jeshi la Katanga na mamluki wake. Habari zilizofika Ulaya zilisema makumi yao wameuawa. Ukweli ni kwamba hakufa hata mmoja. Risasi na maji viliwaishia, wakakamatwa, na wakaachiwa wiki kadhaa baadaye. Usiku wa kuamkia tarehe 18 ndege ya Katibu Mkuu Dag Hammarskjöld ilianguka karibu na Ndola, ng'ambo ya mpaka. Asubuhi yake yapo magazeti yaliyoandika kwamba amewasili salama, kwa kuwa waandishi waliokuwa uwanjani walimwona Mzungu mwingine akishuka kwenye ndege nyingine. Hapakuwa na WhatsApp. Palikuwa na haraka ya kuwahi mtambo wa kuchapa, na haraka hiyo ndiyo ileile inayomsukuma kijana wa leo kubonyeza kitufe cha kutuma.

Ulimwengu ulikuja kulisikia tena jina Jadotville mwaka 2016, kupitia filamu ya Netflix. Likasi ya kwenye filamu hiyo ilipigwa picha Afrika Kusini.

Sasa tuingie studio. Je, wajua ni chombo gani ambacho redio ndogo ya FM ya Katanga haiwezi kukikosa leo? Simu ya mtangazaji. Mchana kutwa inapokea ujumbe wa sauti kutoka kwa wasikilizaji: mama analalamikia bomba lililokauka Kikula, kijana anaeleza ajali ya lori barabara ya Kambove, mwingine anamsalimia shemeji. Kipindi kikianza, mtangazaji huisogeza simu kwenye maikrofoni, au huiunganisha kwa waya kwenye meza ya sauti kama ipo, na sauti ya mtaani inatoka hewani. WhatsApp ilianzisha ujumbe wa sauti wa kubonyeza na kuongea mwaka 2013. Kabla ya hapo msikilizaji alipaswa kupiga simu wakati wa kipindi, alipie dakika zake, na aombe mtandao usikatike katikati ya jina lake. Mabadiliko haya hayakuandikiwa mradi wala kufanyiwa semina hotelini. Watangazaji na wasikilizaji waliyafanya wenyewe.

Yana kasoro yake. Sauti iliyotumwa haionyeshi mtu yuko wapi. Aliye Lubumbashi anaweza kusimulia ya Panda kana kwamba amesimama pale. Mtangazaji makini humpigia kwanza, humuuliza jirani yake ni nani na shule iliyo karibu ni ipi, ndipo amruhusu hewani. Asiye makini hucheza kila kinachoingia. Ukisikiliza kwa wiki moja utawatofautisha.

Je, wajua kwamba redio kwa FM haili hata mega moja? Hesabu ni nyepesi. Kituo kinachorusha matangazo kwenye intaneti kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde kinakula takriban mega 29 kila saa. Sikiliza saa tatu kwa siku, na mwisho wa mwezi umekula zaidi ya giga mbili na nusu. Simu nyingi za bei nafuu zina FM ndani yake, na waya wa spika za masikioni ndio unaofanya kazi ya antena, ndiyo sababu simu inakataa kufungua redio ukiuchomoa. Simu kadhaa za bei kubwa, iPhone ikiwemo, hazikupi FM kabisa. Kwa hiyo mchimbaji mwenye kasimu kake ka vitufe anapata habari za saa moja bure, na bosi wake anazilipia.

Na umeme? Bwawa la Mwadingusha kwenye mto Lufira lilianza kutoa umeme mwaka 1930, kwa ajili ya viwanda vya shaba vya eneo hili. Karibu karne nzima baadaye, delestaji, yaani mgawo wa umeme, ikipita mtaani, redio ya mji wa shaba inanyamaza kama haina jenereta au paneli za jua. Msikilizaji mwenye chaji kwenye simu anabaki na ukimya wenye mlio wa mawimbi.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa kuliko yote. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inataja lugha nne za taifa: Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba. Redio za huku zimeliheshimu hilo siku zote. Radio Okapi, iliyoanzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la Uswisi la Fondation Hirondelle, ilianza kusema kwa lugha hizo nne na Kifaransa tangu mapema. Lakini fungua tovuti za habari za Kongo. Actualité.cd, iliyoanzishwa mwaka 2016 na Patient Ligodi, ni kazi nzuri, na ni ya Kifaransa. Nyingine nyingi pia. Hata tovuti ya Radio Okapi kwa sehemu kubwa ni Kifaransa. Mama anayeuza mboga soko la Kikula alikuwa msikilizaji kamili wa redio. Habari zilipohamia kwenye maandishi, aligeuzwa mtu wa kutafsiriwa na mwanawe.

Ndiyo maana ujumbe wa sauti umeishinda tovuti hapa kwetu. Watangazaji kadhaa wa Katanga husoma muhtasari wa habari kwa Kiswahili cha Lubumbashi na Likasi, dakika mbili tatu, wakautuma kwenye makundi. Ni taarifa ya habari ya zamani, imekatwa fupi na kuwekwa mfukoni. Anayetaka kujua vyombo vya habari vya Katanga vinaelekea wapi asitazame tovuti. Asikilize makundi hayo.

Je, wajua kwamba redio nyingi ndogo za Kongo hazijawahi kuishi kwa matangazo ya biashara ya kawaida? Mkate wao umekuwa kominike: msiba wa nani, mazishi saa ngapi, cheti kimepotea, mkutano wa wazazi. Mtu aliandika kwenye karatasi, akaenda mapokezi, akalipa, na tangazo likasomwa asubuhi na jioni. Sasa msiba hutangazwa kwenye kundi la familia kabla mwili haujafika chumba cha maiti. Bure. Kominike zimepungua, na pamoja nazo mshahara. Kinachobaki ni wanasiasa, makanisa na kampuni za migodi, na anayelipa bendi ndiye anayechagua wimbo.

Kuna pia kupaji. Kila mwandishi wa Kongo anaijua: bahasha anayopewa mwisho wa mkutano, eti ya usafiri. Dijitali haikuiondoa. Siku hizi inaweza kuingia kwa M-Pesa au Airtel Money, na ujumbe wa kuthibitisha unafika kabla habari haijaandikwa. Nasema hivi bila kuwacheka. Mwandishi asiye na mkataba hawezi kulisha watoto kwa maadili ya taaluma peke yake.

Na swichi iko mkononi mwa nani? Baada ya uchaguzi wa mwaka 2011 serikali ilizima ujumbe mfupi wa simu nchi nzima, ikaurejesha mwishoni mwa Desemba. Januari 2015, wakati wa maandamano ya kupinga sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya kura, ilikatwa tena, na hadi inarudi Januari 19 matokeo yalikuwa yamekwisha tangazwa. Katika siku hizo tovuti zilikuwa makaburi na redio ikarudi kuwa mfalme. Mfalme naye ana shoka lake: matangazo ya FM ya RFI, redio ya Ufaransa, yalizimwa siku hizohizo. Lubumbashi ilikuwa na mfano wa karibu zaidi, kwani Nyota, kituo cha mwanasiasa Moïse Katumbi, kilifungwa mwaka 2016 na kikarudi hewani mwaka 2019 baada ya utawala kubadilika.

Je, wajua kwamba sheria mbili zinazotawala habari leo zilitiwa saini siku moja? Tarehe 13 Machi 2023 zilitoka sheria mpya ya uhuru wa vyombo vya habari, inayochukua nafasi ya ile ya 22 Juni 1996 na kuvitambua vyombo vya mtandaoni, na kanuni ya dijitali, ambayo kifungu chake cha 360 kinaadhibu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo juu ya mtu kwa mtandao: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita. Mkono mmoja ulitoa, wa pili ukachukua. Tarehe 8 Septemba mwaka huohuo alikamatwa Stanis Bujakera, naibu mkurugenzi wa uchapishaji wa Actualité.cd na mwandishi wa Jeune Afrique na Reuters. Kesi ilijaa mabishano juu ya alama za kidijitali za waraka uliopita kwenye simu. Alihukumiwa miezi sita tarehe 18 Machi 2024, akatoka siku iliyofuata, kwa kuwa alikwisha kuitumikia na kuipita. Kila mwenye kundi la WhatsApp Likasi angefaa kukisoma kifungu cha 360, maana hakisemi kitu juu ya waandishi wa habari peke yao. Kinasema yeyote.

Upesi upesi sasa. Anwani za tovuti za nchi hii zilikuwa zikiishia na .zr, na jina Zaire lilipofutwa mwaka 1997 ikaja .cd. Kebo ya baharini ya WACS ilizinduliwa Muanda mwaka 2013, pwani ya magharibi kabisa, kwa hiyo sisi wa kusini-mashariki tulibaki mbali na mdomo wa bomba. Kati ya 2020 na 2022 kila mwenye simu alikatwa salio kwa ajili ya ile tozo ya RAM, yaani ya kusajili simu, hadi kelele za wananchi zikaizika. Leseni ya Starlink ilitangazwa Mei 2025, mwaka mmoja na ushei baada ya huduma hiyo kupigwa marufuku.

Majirani nao? Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa atumiaye mitandao ya kijamii tarehe 1 Julai 2018, ikaifuta tozo hiyo mwaka 2021 na kuweka kodi ya asilimia 12 kwenye data. Tanzania mwaka huohuo wa 2018 ilidai zaidi ya shilingi milioni mbili kwa leseni ya kuchapisha mtandaoni, na Oktoba 2024 leseni za mtandaoni za Mwananchi Communications zilisimamishwa kwa siku 30. Kenya, mwezi Februari 2015, ilishuhudia vituo vyake vikubwa vya televisheni vikitoweka hewani kwa karibu wiki tatu katika ugomvi wa kuhamia dijitali. Serikali za ukanda huu hazijawahi kuchelewa kuelewa intaneti.

Je, wajua kwamba redio ya kigeni inaweza kufa hata bila Kinshasa kugusa kitu? Sauti ya Amerika ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu mwaka 1962. Katikati ya Machi 2025, kwa amri iliyotoka Washington, wafanyakazi wake walipewa likizo ya lazima na matangazo yakakatika. Wasikilizaji wa Likasi hawakuulizwa, kama ambavyo hawakuulizwa ilipoanza.

Congo Check, kikundi cha waandishi Wakongo kilichozaliwa mwaka 2018, kazi yake ni moja: kukagua uvumi mmoja mmoja na kuandika kama ni kweli au uongo. Nao kwa kawaida huandika Kifaransa. Narudia: uvumi unatembea kwa Kiswahili, masahihisho yanakuja nyuma kwa lugha nyingine.

La mwisho. Je, wajua kwamba sehemu ya vichekesho vya Mufwankolo, kundi la maigizo la Lubumbashi lililochekesha Katanga nzima redioni na kwenye televisheni, sasa inasomeka mtandaoni? Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alifanya kazi na kundi hilo mwaka 1986, akachapisha kitabu Power and Performance mwaka 1990, na maandishi ya Kiswahili cha Katanga yamehifadhiwa katika tovuti ya Chuo Kikuu cha Amsterdam. Yaani mjukuu wa Likasi anayetaka kujua babu yake alichekeshwa na nini inabidi apitie Uholanzi.

Kanda za redio za Katanga zenyewe, zile za kaseti, ziko wapi? Nyingi zimefutwa na kurekodiwa juu yake, maana kaseti mpya ilikuwa ghali. Zilizosalia ziko majumbani: chini ya kitanda cha mtangazaji mstaafu, kwenye sanduku la aliyekuwa fundi mitambo, katika droo ya mjane. Mkanda wa kaseti unaharibika kwa joto na unyevu, na Likasi ina masika marefu. Kama nyumbani kwenu ipo, tafuteni redio ya kaseti inayozunguka bado, unganisheni waya kwenye simu au kompyuta, mrekodi pande zote mbili, wa kwanza na wa pili. Andikeni tarehe, jina la kipindi na majina ya wanaosikika, wakati aliye na kumbukumbu hizo bado yupo wa kuulizwa. Kisha tumeni nakala kwenye redio ya mtaa wenu, na moja mbaki nayo.